Tezi Ikivimba, Seli za Kinga Ziko Kazini

Ugonjwa wa virusi wa Mpox ulipolipuka Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika wilaya ya Mwenga inayopakana na Fizi, mnamo Septemba 2023, gumzo kubwa lilikuwa vipele. Ni haki, kwa kuwa vipele ndivyo vinavyoonekana na ndivyo vinavyoambukiza zaidi. Lakini ipo dalili nyingine ambayo kila mzazi wa Fizi na Baraka anafaa kuifahamu: tezi zinazovimba shingoni, kwapani au kinenani, pengine pamoja na homa, na wakati mwingine hata kabla kipele cha kwanza hakijatoka.

Mgonjwa wa kwanza wa Mpox kutambuliwa duniani alikuwa mtoto mchanga wa hapa hapa Kongo, mkoani Équateur, mwaka 1970. Ugonjwa wake ulifanana sana na ndui. Baadaye madaktari walijifunza kuitenganisha Mpox na ndui kwa kupapasa tezi: mwenye Mpox mara nyingi huvimba mitoki, mwenye ndui kwa kawaida havimbi. Ndui ilikwisha kutokomezwa, na tangazo likatolewa mwaka 1980, ila tezi zimebaki kuwa dalili muhimu.

Basi ndani ya tezi hizo kunatokea nini?

Mwili wa binadamu una tezi za limfu mia kadhaa. Nyingi ni ndogo kama punje ya haragwe, na zimepangwa kwenye njia za mishipa ya limfu, ile inayokusanya majimaji kutoka ngozini na kwenye nyama za mwili na kuyarudisha kwenye damu. Tezi za kinenani hupokea maji ya miguu na sehemu za siri. Za kwapani hupokea ya mikono na kifua. Za shingoni hupokea ya kichwa, mdomo na koo. Ndiyo maana mahali palipovimba humwonyesha daktari upande ambako virusi viliingilia.

Virusi vikipenya ngozini, vinakutana na seli za dendriti. Seli hizi humeza vipande vya virusi, huondoka mahali pake, na kuingia katika mshipa wa limfu hadi kwenye tezi ya karibu. Huko zinawaonyesha wenyeji wa tezi kile zilichobeba. Wenyeji hao ni chembe nyeupe za damu, hasa seli T na seli B.

Kazi ngumu ni kumpata anayehusika. Kila seli T imeumbwa kutambua kitu kimoja tu, na kwa kipande kimoja cha virusi huenda ikawa moja tu kati ya laki moja, au hata kati ya milioni, ndiyo inayokitambua. Mchimbaji wa Misisi anayeosha mchanga tangu asubuhi ili apate chembe moja ya dhahabu anaielewa hesabu hii. Njia ya mwili ni kuzitembeza seli bila kukoma. Seli T hutoka kwenye damu kwa kupenya kuta za vishipa maalumu vya tezi, huzunguka humo kwa saa kadhaa hadi siku nzima, na isipokutana na kinachoihusu, hutoka, hurudi kwenye damu na kwenda kujaribu tezi nyingine.

Mzunguko huo ulithibitishwa na James Gowans wa Oxford katika miaka ya 1950 na 1960, kwa kufuatilia seli za limfu za panya. Ila kuziona zikitembea kulisubiri hadi mwaka 2002, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walipochungulia ndani ya tezi ya panya iliyo hai kwa darubini ya leza. Walikuta pilikapilika tupu. Seli T hukimbia maikromita kumi hivi kwa dakika, zaidi ya urefu wa mwili wake wenyewe, zikigeuka huku na huku. Kwa macho yetu ni mwendo mdogo, haufiki milimita moja kwa saa, lakini unaiwezesha seli moja ya dendriti kuguswa na seli T maelfu kwa siku moja.

Saa za mwanzo, mguso ni wa dakika chache tu. Seli T ikishatambua kile inachoonyeshwa, hutulia na kushikamana na seli ya dendriti kwa saa nyingi. Kisha huachana nayo na kuanza kugawanyika, tena na tena, mpaka moja inazaa maelfu. Baadhi ya seli T zinasogea kwenye mpaka wa makazi ya seli B na kuzisaidia kutengeneza kingamwili.

Wakati huo milango ya kutokea hufungwa kwa muda, huku seli mpya zikizidi kuingia. Tezi hujaa, ngozi yake hutanuka, na mtu huhisi maumivu. Kwa hiyo kuikanda kwa nguvu, kuichoma au kuichanja kwa wembe hakuondoi ugonjwa. Kunaongeza kidonda na kuingiza vijidudu vingine.

Yote hayo yanachukua siku, na kingamwili za kutosha huhitaji wiki moja hadi mbili. Virusi havisubiri. Hapo ndipo thamani ya chanjo inapoonekana: inaifanyisha tezi kazi hii yote mapema, bila ugonjwa, na kuacha seli za kumbukumbu ambazo hujibu upesi virusi vya kweli vikija. Anayechanjwa begani akahisi tezi ya kwapani inauma kidogo asishtuke. Chanjo ya Mpox iitwayo MVA-BN, iliyoanza kutolewa nchini kwetu mjini Goma Oktoba 2024, kwa kawaida hutolewa mara mbili, kwa kupishana wiki nne. Anayepata sindano ya kwanza asiache ya pili.

Wapo ambao tezi zao hufanya kazi kwa shida. Virusi vya UKIMWI huharibu seli T ndani ya tezi zenyewe, na mtoto mwenye utapiamlo huwa na seli chache. Kwa familia zilizokimbia vita na kulala kwa watu, chakula cha mtoto na dawa za UKIMWI zisizokatika ni sehemu ya kinga pia, pamoja na sindano.

Tezi iliyovimba ikifuatana na homa na vipele, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, uwe Baraka, Fizi, Nundu au Kimbi-Lulenge, na usilale kitanda kimoja na wengine hadi vigaga vyote vidondoke na ngozi mpya iote. Tezi ngumu isiyouma, inayokua kwa wiki kadhaa, pamoja na kikohozi, jasho la usiku au kukonda, inaweza kuwa kifua kikuu au saratani. Nayo inahitaji kipimo. Tezi inajitahidi kwa upande wake, na sisi tuna wajibu wa kumpeleka mgonjwa mapema.