Gito wa Paris na wasichana wa Rumonge

Wasichana wa Rumonge wanaotaka kuigiza siku hizi hutazama Kigoma, na baada ya Kigoma, Dar es Salaam. Si ajabu. Filamu za Bongo zilifika pwani hii pamoja na wafanyabiashara wa mashua na sisi tuliorejea kutoka Tanzania. Steven Kanumba amefariki tangu mwaka 2012, lakini hapa huna haja ya kueleza alikuwa nani.

Filamu inayowahusu zaidi, hata hivyo, ilitengenezwa hapa nchini. Ni "Gito l'ingrat", yaani Gito asiye na shukrani, ya Léonce Ngabo. Ilitoka mwaka 1992, nayo ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Mrundi.

Gito anamaliza masomo Paris na kurudi Bujumbura akiamini uwaziri unamngoja. Kule amemwacha mchumba wake Mfaransa, Christine, kwa ahadi kwamba atamwita. Uwaziri hauji, wala kazi ya kawaida haipatikani. Katika kungoja huko anamrudia Flora, mpenzi wake wa zamani. Mara Christine anawasili. Mtazamaji aliyezoea filamu zetu hujiandaa kuona wanawake wawili wakivutana nywele. Ngabo hakwenda huko. Wawili hao wanaelewana, kisha wanamgeukia mwanaume aliyewadanganya.

Sisi tuliorejea tunamjua Gito. Yeye alikuja na cheti cha Paris, wengine tulikuja na vya Kiswahili kutoka Katumba na Mishamo, tukakuta ofisi zinazungumza Kifaransa. Tofauti ni kwamba hakuna aliyetudanganya kuhusu uwaziri.

Sasa tazama walioigiza. Christine ni Marie Bunel, Mfaransa, ambaye mwaka 2004 alionekana tena kama mama wa mtoto mwimbaji katika "Les Choristes". Flora, binti wa Kirundi, aliigizwa na Aoua Sangaré wa Mali, ambaye tayari alikuwa ameonekana katika "Yeelen" ya Souleymane Cissé, ya mwaka 1987. Simlaumu Ngabo, filamu ya kwanza ya nchi huhitaji watu wenye uzoefu. Ila binti wa hapa aliyeitazama alijifunza kwamba hata Mrundi huigizwa na mgeni. Na kabla wengine hawajapata zamu yao, Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa, vita vikaanza. Ngabo alirudi na tamasha la filamu la Bujumbura, FESTICAB, mwaka 2009.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanze na mchezo wa shule, kisha aulizie tamasha hilo. Mwanaume anayemwahidi nafasi kabla hajamsikia akisema hata neno moja, akataka waonane usiku au amlipie nauli ya kuvuka ziwa, huyo ni Gito asiye na kamera. Amwombe kwanza maandishi ya mchezo, na siku ya kwenda kuonana naye aandamane na shangazi yake.