Je, Wajua? Moshi Husema Pikapu Inaumwa Nini

Je, wajua kuwa lita 1 ya dizeli huhitaji hewa ya karibu lita 10,000 ili iungue vizuri? Ndiyo maana, hewa ikipungua, pikapu iliyosheheni magunia ya dagaa, ikitoka Kiriba kuelekea Musoma mjini, inaweza kukata nguvu ghafla kwenye kilima.

Anza na ekzosi. Moshi ukiwa mweusi tii, hewa haitoshi: kagua filta ya hewa kama imejaa vumbi, au mpira wa turbo kama umepasuka. Kama hakuna moshi lakini injini inakwamakwama, huenda dizeli haifiki: filta ya dizeli imeziba au ina maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hutuama chini ya filta. Zima injini, fungua koki ya filta hiyo, uyamwage maji mpaka itoke dizeli tupu.