Shabaha ya Karatasi

Msomaji, ukitoka Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi, ukashika njia ya Westlands mpaka Barabara ya Waiyaki, utaikuta Nairobi School. Ilipofunguliwa 1931 iliitwa Prince of Wales, shule ya wavulana wa Kizungu pekee. Upande wa Barabara ya Ngong alikuwapo nduguye, Duke of York, ambayo leo ni Lenana School.

Katika shule hizo wavulana walifunzwa ukadeti, na humo mlikuwa na somo la kulenga shabaha kwa bunduki. Somo lenyewe ni la subira. Mwanafunzi hulala kifudifudi, akakaza kitako begani, akalinganisha vilengeo na shabaha. Hutoa pumzi kidogo, akaizuia, kisha huvuta kifyatulio taratibu, bila kukishtua. Mwenye pupa hukosa. Alhasili, anayefunzwa kwanza ni moyo, kisha mkono.

Mafunzo haya si ya kubezwa. Sisi tuliokaa chuoni tulisomeshwa kuwa Mtume (S.A.W.) alihimiza watu wajifunze kulenga mishale. Lakini tulisomeshwa pia kuwa alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha.

Hapo ndipo penye mkasa. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Vijana wa Kizungu waliokwisha kutoka shule waliingizwa katika Kenya Regiment, kikosi kilichoundwa 1937, wakapelekwa kupigana na Mau Mau. Shabaha haikuwa karatasi tena.

Wakati huo huo, tangu 1953, aliyekamatwa na silaha au risasi bila ruhusa aliweza kuhukumiwa kifo. Dedan Kimathi alihukumiwa Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Nchi ni moja, risasi ni ile ile: kwa mtoto huyu ni somo la shule, kwa mwenziwe ni kitanzi.

Leo madarasa ya shule zile mbili yamejaa watoto wa Kenya wa kila kabila, wa pwani na wa bara. Anayemfunza kijana wa leo kulenga asiishie kwenye jicho na pumzi. Amfunze pia ni nani asiyefaa kulengwa kabisa. Wahenga walisema, mtupa jiwe gizani hajui limpataye. Mwenye bunduki hana udhuru huo, kwani yeye hulenga akiona.