PAI YA NYAMA: NUSU KILO IWATOSHE WATU WANANE



Tuanze na wakati wa kupakua chakula. Chukua mfano wa nyumba yenye watu wanane: baba, mama mjamzito, bibi na watoto watano. Mtoto wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu. Leo imenunuliwa nyama nusu kilo na imepikwa mchuzi. Je, nani atakula nyama hiyo?

Katika nyumba nyingi vipande vikubwa vinakwenda kwenye bakuli la baba. Watoto wakubwa wenye mikono ya haraka wanapata vinavyobaki. Mtoto mdogo analishwa ugali uliochovywa kwenye mchuzi. Mama aliyepika anakomba sufuria.

Mchuzi una harufu ya nyama na ladha ya nyama. Lakini sehemu kubwa ya chakula cha kujenga mwili imebaki ndani ya vipande vya nyama. Kwa hiyo mama mjamzito na mtoto mdogo, ambao wanaihitaji nyama kuliko wengine, ndio walioikosa. Hakuna aliyekusudia kuwanyima. Ni mazoea tu.

Wiki hii tutajifunza kupika pai ya nyama nyumbani. Hatujifunzi kwa ajili ya anasa. Katika pai nyama hukatwa ndogo sana na kuchanganywa na vyakula vingine. Ukiikata pai vipande vinane, kila kipande kina nyama. Hakuna wa kuchagua na hakuna wa kukosa.

PAI NI NINI?

Pai ni chakula kilichofunikwa kwa unga uliokandwa, kisha kikaokwa. Wazungu wa Uingereza wamepika pai kwa karne nyingi. Wachimba madini wa Cornwall walizoea kwenda nazo kazini, kwa sababu mtu hubeba mlo mzima mkononi.

Kama unajua sambusa, basi umekwisha kuijua nusu ya kazi. Sambusa ni ndogo na hukaangwa katika mafuta mengi. Pai ni kubwa na huokwa kwa moto wa juu na chini, kama mkate wa kumimina. Kwa hiyo inatumia mafuta kidogo kuliko sambusa.

KWA NINI KILA MTU APATE NYAMA?

Nyama ni chakula cha kujenga mwili. Tena ina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Madini ya chuma yamo pia katika maharage na mchicha, lakini mwili huyapokea kwa shida. Ukila maharage au mchicha pamoja na nyama kidogo, mwili hupokea madini hayo vizuri zaidi. Ndiyo sababu katika pai yetu tutaviweka vyote pamoja.

Mama mjamzito anatengeneza damu yake na ya mtoto aliye tumboni. Akipungukiwa damu huchoka upesi, husikia kizunguzungu, na viganja vyake huwa vyeupe. Siku ya kujifungua, damu kidogo tu ikimwagika yuko hatarini. Pai haichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kiliniki. Aendelee kuvimeza. Malaria na safura pia hupunguza damu, na hizo zinahitaji dawa.

Mtoto aliyetimiza miezi sita naye anahitaji nyama laini pamoja na maziwa ya mama. Mtoto hawezi kutafuna kipande kigumu, lakini nyama iliyosagwa anaimeza bila taabu.

Wazee waliojadili chakula bora katika vikundi vya redio mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Chakula ni Uhai, watalikumbuka somo hili. Tumbo laweza kujaa, na mwili bado ukawa na njaa.

CHAGUA NYAMA SALAMA

Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Usinunue wala usile nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Huenda amekufa kwa kimeta, na vijidudu vya kimeta huvumilia moto mkali.

Tazama nyama kabla ya kuikata. Ukiona malengelenge madogo meupe, yenye ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, hao ni watoto wa tegu. Usiipike. Mwonyeshe bwana mifugo.

Nyama ya kusaga inahitaji uangalifu zaidi kuliko vipande. Kwenye kipande kizima vijidudu hukaa juu, na moto huwafikia mapema. Ukisaga, wale wa juu wanachanganyika mpaka ndani. Kwa hiyo nyama ya kusaga ipikwe siku ile ile, na iive yote. Kama duka la nyama halina mashine safi, nunua nyama nzima ukaikate mwenyewe kwa kisu kikali.

Osha mikono kwa sabuni baada ya kushika nyama mbichi. Osha pia kisu na ubao kabla ya kukatia mboga.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Vya kujaza ndani:
Nyama ya ng'ombe au mbuzi, nusu kilo.
Maharage yaliyochemshwa yakaiva kabisa, kikombe 1.
Viazi mviringo 2 na karoti 2.
Vitunguu maji 2 na nyanya 2.
Mchicha, fungu 1.
Kitunguu saumu na tangawizi kidogo.
Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya chakula.
Chumvi, kijiko 1 cha chai. Usizidishe, kwani chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu.

Vya kufunikia:
Unga wa ngano, vikombe 3.
Mafuta ya kupikia, nusu kikombe.
Maji ya moto, nusu kikombe au zaidi kidogo.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.

Kama nyama haikupatikana, tumia kuku aliyechambuliwa mifupa, au dagaa waliosafishwa vizuri. Kama unga wa ngano ni ghali, ponda viazi vitamu vilivyochemshwa, uvitandaze juu ya nyama badala ya unga. Viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani ni bora zaidi, kwa sababu vina vitamini A ya kulinda macho na mwili.

PIKA NYAMA KWANZA

1. Kata nyama iwe ndogo kama punje za mahindi, au isage. Kata viazi na karoti vipande vidogo sana.

2. Kaanga vitunguu katika mafuta mpaka vilainike. Tia kitunguu saumu, tangawizi na nyama. Koroga mpaka nyama yote ibadilike rangi.

3. Tia nyanya, viazi, karoti, chumvi na maji kikombe 1. Funika, uache ichemke polepole kwa dakika 25 au 30. Nyama ya kukata kwa kisu huenda ikataka muda zaidi. Ionje. Ikiwa bado ngumu, ongeza maji na uendelee.

4. Tia maharage, ukiyaponda kidogo kwa mwiko. Mwisho tia mchicha uliokatwa, na upike dakika 3 tu.

5. Mchuzi ukauke. Ukibaki na maji mengi, unga wa chini utalowa na pai haitashikana.

6. Mimina kwenye sinia safi, utandaze ipoe upesi, na uifunike kwa kawa inzi wasitue. Wakati inapoa, kanda unga.

KANDA UNGA

Changanya unga na chumvi. Tia mafuta, ufikiche kwa vidole mpaka unga uwe kama chenga. Mimina maji ya moto kidogo kidogo, ukikoroga kwa mwiko, kisha ukande kwa mkono ukishapoa. Donge liwe laini lisiloshika vidoleni. Usikande sana kama chapati, maana pai itakuwa ngumu. Lipumzishe dakika 10.

Gawa donge mafungu mawili, moja likiwa mara mbili ya jingine. Sukuma fungu kubwa liwe duara, lenye unene wa chapati. Chukua sufuria pana ya shubiri moja hivi, uipake mafuta. Tandaza unga ndani mpaka upande kuta za sufuria. Jaza nyama. Sukuma fungu dogo, funika juu, kisha bana kingo kwa vidole au uma. Toboa tundu katikati ili mvuke utoke. Kama una maziwa au yai kidogo, paka juu ipate rangi nzuri.

OKA KWA MKAA

Huhitaji jiko la umeme. Washa mkaa usubiri moshi uishe, makaa yawe mekundu. Acha makaa machache tu chini ya sufuria. Funika sufuria kwa mfuniko wa chuma au alumini ulio bapa, na upalie makaa mengi zaidi juu yake. Kumbuka: moto wa juu uwe mwingi, wa chini uwe kidogo. Wengi wanakosea hapo, na pai inaungua chini huku juu ikiwa mbichi.

Usifunikie kipande cha bati la kuezekea. Rangi na madini yaliyopakwa juu yake si ya kupikia.

Baada ya dakika 20 inua mfuniko kwa koleo, utazame. Majivu yasiangukie pai. Ongeza makaa juu kama yamefifia. Kwa kawaida pai huiva kwa dakika 45 mpaka saa nzima. Ikiiva, unga wa juu huwa wa kahawia, na ukiugonga kwa kidole unasikia mlio mkavu. Mvuke wa moto hutoka kwenye tundu. Mwenye jiko lenye tanuri aoke kwa nyuzi 200 za Selsiasi, dakika 40 hivi.

Okea nje, au katika jiko lenye hewa ya kutosha. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kamwe usiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Watu wamelala wasiamke.

KUGAWA

Acha pai ipoe kwa dakika 10 au 15 ndipo uikate. Ikate kwanza mara mbili, halafu vipande vinne, halafu vinane. Nusu kilo ya nyama ikigawanywa kwa watu wanane, kila mmoja anapata kama gramu 60 za nyama iliyopimwa mbichi, pamoja na maharage na mboga. Si nyingi, lakini ni yake.

Kipande cha mtoto mdogo kifungue, uponde nyama na viazi vya ndani kwa kijiko, umlishe polepole katika chombo chake mwenyewe. Akila katika sinia moja na wakubwa, huwezi kujua amekula kiasi gani.

Baada ya kula, toeni chungwa, papai au embe. Matunda haya husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai isubiri saa moja, kwani chai huyazuia.

Baba msomaji, huenda unasema umepunguziwa. Nyama imepungua kidogo katika sahani yako, ni kweli. Lakini maharage na viazi vimeongezeka, na umeshiba. Kilichotoka kwako kimeingia katika damu ya mkeo na katika mifupa ya wanao. Tena kazi ya kukata nyama na kupalia makaa haihitaji mwanamke peke yake.

USILAZE PAI

Hapa tuwe waangalifu sana. Unga wa pai ni kama blanketi. Nje inapoa, lakini ndani inabaki vuguvugu kwa muda mrefu, na vijidudu hupenda uvuguvugu. Kama huna jokofu, pai isikae zaidi ya saa mbili tangu kuiva. Iliwe yote jioni ile ile.

Wengine husema, "Nitaipasha moto asubuhi." Kupasha moto huua vijidudu vingi, lakini baadhi yao huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Mtu mzima akiila huenda akaharisha siku moja tu. Mtoto mdogo aliyeharisha na kutapika huishiwa maji mwilini haraka, na anaweza kufa. Kipande kilichobaki si akiba ukimpa mtoto asubuhi akaumwa. Ni afadhali kupika pai ndogo ikaisha, au kumwita jirani.

Na neno la mwisho kuhusu tegu. Ng'ombe huipata tegu anapokula majani yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye minyoo hiyo. Kwa hiyo nyama safi haianzii duka la nyama. Inaanzia kwenye choo, kila mtu akikitumia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika nyumba yako, nani hupakuliwa nyama kwanza, na nani mwisho?
2. Kwa nini nyama ya kusaga inahitaji kupikwa kwa uangalifu zaidi kuliko kipande kizima?
3. Kwa nini pai isilazwe mpaka asubuhi?
4. Taja vyakula vitatu vya kujenga mwili vinavyopatikana kijijini kwenu ambavyo vinaweza kutiwa katika pai.

Jaribuni kuipika pamoja siku moja baada ya kisomo. Watu wanane wachange, wapike, na wale sawa.