Vidonge vya Nguvu na Kizazi cha Mwanamke

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu, khasa wenye mabinti wanaokwenda kwenye mazoezi mjini, mmetuuliza khabari za dawa za kutunisha misuli ziitwazo steroidi. Wengine mmeuliza kama karafuu zetu si dawa ya madhara yake. Maswali haya mawili twayajibu pamoja.

Steroidi hizo ni mfano wa homoni ya kiume, ambayo mwanamke anayo kidogo tu. Akiitumia kwa wingi, ubongo hupunguza amri uipelekayo kwenye vifuko vya mayai. Yai halipevuki, hedhi huvurugika au hukatika, na mimba huwa shida kushika. Ndevu huweza kuota na sauti kuwa nzito, na sauti hiyo mara nyingi hairudi. Akiwa mja mzito, dawa huweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kike tumboni.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1974 wakuu wa Ujerumani ya Mashariki, nchi iliyokwisha mwaka 1990, walipitisha mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo dawa. Wasichana waogeleaji na wakimbiaji walimezeshwa vidonge vya buluu vya Oral-Turinabol, na wengi waliambiwa ni vitamini. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi ile, kwa kusaidia kuwadhuru wanamichezo wanawake.

Ama chakula, kinayo kazi yake. Vitamini C ya mapera na machungwa, vitamini E ya njugu, na madini ya seleni yaliyomo katika jodari, husaidia kukinga chembe za mwili zisiharibike, na za kizazi zimo. Karafuu nayo ina nguvu hiyo kwa wingi. Vitu vya namna hii vimejaribiwa kwa panya waliopewa steroidi, na mengine ya majaribio hayo yameonyesha nafuu. Lakini panya si binti yako. Hapana chakula kilichothibitishwa kumkinga mwanamke anayeendelea kumeza dawa hizo. Ni kutia maji katika mtungi uliopasuka. Na mafuta ya karafuu yakinywewa mengi hudhuru ini.

Basi mwenye binti aliyekwisha kuzitumia asimfokee wala asimfiche. Ampeleke kwa daktari pamoja na chupa ya dawa yenyewe, aongozwe namna ya kuacha. Mara nyingi hedhi hurudi, ingawa huweza kuchukua miezi.

Nasi wakulima tuna wajibu wetu. Bei nzuri twaitaka sote, lakini waliowapa wasichana wale vidonge waliviita vitamini. Sisi tusimwuzie mtu karafuu kwa jina la dawa ya kizazi. Tuiuze kwa jina lake, kavu, safi, isiyo makonyo.

Wasalaam,
Katibu wa Chama