Kutoa au Kuongeza? Maneno Madogo ya Kiingereza Yenye Hasara Kubwa

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, mkulima na kibarua hukutana na Kiingereza mahali pengi: katika ilani za kituo cha kupimia majani, katika hati za malipo na katika mikataba ya kazi. Maneno yaletayo matata si yale marefu, bali ni yale madogo yanayotoa kitu kimoja katika vingine.

La kwanza ni "except", yaani isipokuwa. Ilani ikisema kwamba kituo kitafunguliwa "every day except Sunday", Jumapili imetolewa, wala hapana shaka. "Except for" lina maana iyo hiyo, ila ndilo lifaalo kuanzia sentensi. Tena hutaja dosari ndogo katika jambo zima: majani ya kikapu hiki ni mazuri, "except for" machache yaliyokomaa.

La pili ni "besides", na kwa kawaida kazi yake ni kuongeza, yaani zaidi ya. Kituo kikifunguliwa Jumamosi "besides Sunday", basi ki wazi siku zote mbili.

La tatu ni "unless", nalo hufuatwa na sharti: lori halitapita "unless the road is dry", maana yake, isipokuwa kama barabara ni kavu.

Taabu kubwa imo katika "apart from", kwa kuwa lina sura mbili. Likiandamana na "every", "all" au "no", hutoa: "apart from Sunday, we open every day". Likiandamana na "also", huongeza: "apart from Sunday, we also open on Saturday". Kiswahili chetu nacho kina mtego huo katika "mbali na". Asomaye vibaya hupata hasara, kwani jani lililochumwa halingoji kesho. Likirundikwa hupata joto na kuharibika.

Basi mwandishi wa ilani na achague "except" akitaka kutoa, na "besides" akitaka kuongeza. Naye atiaye sahihi mkataba asione haya kuuliza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba, anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoifahamu. Swali lenyewe ni fupi: kitu hiki kimetolewa, au kimeongezwa?