Majina ya Sayari na Maneno Mengine ya Falaki

Katika miezi ambayo Zuhura huonekana jioni, mkazi wa Maramba huiona iking'aa juu ya milima ya Usambara Mashariki mara tu baada ya jua kuchwa, kabla nyota nyingi hazijajitokeza. Baadaye hupotea, kisha huzuka upande wa pwani kabla ya mapambazuko. Ndiyo sababu hata leo watu husema nyota ya jioni na nyota ya alfajiri kana kwamba ni mbili. Kwa hakika ni kitu kimoja, tena si nyota. Nyota ni tufe kubwa la gesi ambalo hutoa nuru yake lenyewe, kwa sababu katikati yake viini vya hidrojeni huungana na kuwa heliamu. Jua ni mojawapo. Sayari haina nuru yake, bali huakisi nuru ya Jua ambalo hulizunguka.

Neno sayari lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kitu chenye kusafiri. Nyota hazibadilishi mpangilio wake machoni petu, lakini sayari huhama baina yao. Mafungu ya nyota ambayo sayari hupita ndiyo yaitwayo buruji. Mshtarii huzunguka Jua kwa miaka 12 hivi, na kwa hiyo hukaa karibu mwaka mmoja katika kila buruji. Zohali, ambayo huchukua zaidi ya miaka 29, hukaa miaka miwili na nusu.

Tofauti hiyo baina ya sayari na buruji yapaswa kushikwa barabara, maana imewahi kuleta mkanganyiko katika elimu yetu. Ziko orodha za istilahi ambazo humo Mshtarii imeitwa Sumbula, na Zohali ikaitwa Sarateni. Sumbula ni suke la nafaka, nalo ni jina la buruji. Sarateni, au Saratani, ni kaa. Hiyo pia ni buruji, na ndilo neno litumikalo hospitalini kwa ugonjwa wa kansa. Mwanafunzi aliyejifunza majina hayo hawezi kuelewana na mzee wa pwani aliyesoma falaki kwa njia ya zamani, wala na mwenzake aliyetumia kitabu kingine. Kosa si lake.

Zebaki nayo ina kisa chake. Kwa Kiingereza sayari iliyo karibu zaidi na Jua ina jina moja na ile madini ya majimaji iliyomo katika vipimajoto vya zamani. Kiswahili hakikuwa na haja ya kufuata mkondo huo: zebaki ni madini, na sayari ilikuwa na jina lake la kale, Utaridi. Hata hivyo jina Zebaki limekwisha kuenea katika shule, na mwalimu hana budi kuyafundisha yote mawili. Uranusi na Neptuni hazina jina la kale katika lugha yoyote, kwa kuwa ya kwanza iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781 na ya pili mwaka 1846. Kwa hiyo jina lolote la kale wanalopewa limeazimwa kutoka kitu kingine, na ni afadhali kuliacha. Pluto ilihesabiwa kuwa sayari ya tisa hadi mwaka 2006, ilipowekwa katika kundi la sayari kibete. Vitabu vilivyochapwa kabla ya hapo havina budi kusomwa kwa hadhari.

Mahali pengine Kiswahili hujitosheleza vizuri. Dunia hujizungusha katika mhimili wake kwa siku moja, nayo hulizunguka Jua kwa mwaka mmoja: silabi ile ji yatosha kutenganisha miendo miwili ambayo wanafunzi wengi huichanganya.

Mhimili huo umeinama kwa nyuzi 23 na nusu, na matokeo yake yaweza kupimwa katika uwanja wa shule. Maramba iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mnamo tarehe 7 au 8 Machi na tena mnamo tarehe 6 Oktoba. Siku hizo fimbo iliyosimamishwa wima hupoteza kivuli chake, ila si saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, ilhali Maramba iko karibu na nyuzi 39. Kila nyuzi moja ni dakika nne, hivyo Jua huchelewa kwa dakika 24 au 25. Kwa kuwa mwendo wa Dunia hauna kasi moja mwaka mzima, na mhimili wake umeinama, mwezi Machi huongezeka dakika 11 hivi, na mwezi Oktoba hupungua 12. Fimbo itakosa kivuli karibu saa 6 na dakika 35 mwezi Machi, na karibu saa 6 na robo mwezi Oktoba.

Limebaki neno kimondo. Watu hulitumia kwa mwale upitao angani usiku, na pia kwa jiwe lililoanguka chini. Mwale ni hewa na mabaki ya kijiwe yakiwaka kwa kasi, na aghalabu hakifiki ardhini. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni cha aina ya pili: bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito ukadiriwao kuwa tani 16, nalo lingali pale lilipoangukia.